Mgeni wa Vienna aliyewafinyangia Wamarekani ushindi wao

HARLINGEN, mji ulio kusini kabisa mwa jimbo la Texas nchini Marekani, ni wa aina ambayo mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Rusumo angeuelewa bila kufundishwa. Mto Rio Grande, ambao ndio mpaka na Mexico, uko mwendo mfupi wa gari. Malori huvuka darajani yakiwa na shehena za pande zote mbili, na dukani Kihispania husikika sawa na Kiingereza.

Katika mji huo kuna shule binafsi ya kijeshi ya wavulana, Marine Military Academy. Kwenye viwanja vyake wamesimama wanaume sita, kila mmoja ana urefu wa karibu mita 10, wamejikunja wakiusukuma mlingoti wa bendera usimame. Kwa mbali utadhani ni shaba. Kumbe ni plasta ya jasi, ndugu wa ile jipsamu ambayo mafundi wa dari wa Arusha na Eldoret huikoroga kwenye ndoo kila siku.

Aliyewafinyanga ni Felix de Weldon, mhamiaji kutoka Austria. Kutokana na plasta hiyo ndipo ilipotolewa sanamu maarufu ya shaba nyeusi iliyopo Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington, ambayo Wamarekani huiona kama picha ya taifa lao lenyewe. Ile ya shaba hutembelewa na viongozi. Hii ya jasi, kwa desturi ya kazi hiyo, ingeishia jalalani. Imesalia, tena imesalia mpakani, na ndani yake kuna habari ambazo mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni akiwa na pasipoti mkononi atazielewa haraka.

Picha moja, siku tatu

Februari 19, 1945, askari wa Marekani walianza kushuka kwenye kisiwa cha Iwo Jima, kilomita zipatazo 1,200 kusini mwa Tokyo. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita za mraba 21, na pwani yake ni majivu ya volkano ambayo mguu unazama. Vita vilidumu hadi Machi 26. Wamarekani karibu 7,000 walikufa. Upande wa pili, askari wa Japan takriban 20,000 waliokuwa wamejichimbia mahandaki waliangamia karibu wote.

Kwa watu wa Afrika Mashariki vita hiyo haikuwa ya mbali. Mwishoni mwa 1944 askari wa King's African Rifles, vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walikuwa Burma wakilisukuma jeshi hilohilo la Japan kwenye bonde la Kabaw, katika mvua na matope. Hakuna picha yao hata moja iliyopata umaarufu wa kulinganishwa na ile iliyopigwa Iwo Jima.

Picha hiyo ilipigwa Februari 23 juu ya Mlima Suribachi. Bendera ya kwanza ilikuwa imeshasimamishwa asubuhi, lakini ilikuwa ndogo, kwa hiyo ikaletwa nyingine kubwa ionekane hadi ufukweni. Joe Rosenthal wa shirika la habari la Associated Press aliwahi kuinasa hiyo ya pili. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi, na yeye mwenyewe alikataliwa jeshini kwa sababu ya macho mabovu. Jumapili ya Februari 25 picha yake ilikuwa kwenye magazeti ya nchi nzima.

De Weldon aliiona akiwa katika kituo cha ndege za Jeshi la Wanamaji cha Patuxent River, jimboni Maryland. Alikuwa amejiunga na jeshi hilo na kupangiwa kazi za usanii. Hakungoja amri ya mtu. Alichukua nta na udongo wa kufinyangia, akajifungia, na ndani ya saa 72 kielelezo kidogo cha wale watu sita kilikuwa tayari mezani.

Mtu huyu alikuwa nani? Alizaliwa Vienna Aprili 12, 1907. Akasomea sanaa, akahamia London, akatengeneza sanamu za watu wakubwa akiwamo Mfalme George V. Mwaka 1937 alikwenda Canada kumtengeneza Waziri Mkuu Mackenzie King, kisha akavuka kuingia Marekani, akabaki. Miezi michache baadaye, Machi 1938, nchi yake ilimezwa na Ujerumani ya Hitler. Yaani vita ilipofika Marekani, fundi huyu alikuwa mzaliwa wa ardhi iliyokuwa mikononi mwa adui. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1945, mwaka uleule aliofinyanga bendera ya Marekani.

Si kila mgeni aliyepokewa hivyo. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaondoa majumbani mwao watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japan na kuwaweka kambini. Wengi wao walikuwa raia kamili, wamezaliwa hukohuko, na biashara zao, maduka, mashamba ya mboga na mashua za uvuvi, ziliuzwa kwa bei ya kutupa au kupotea kabisa. Karatasi za uraia hazikuwasaidia. Moja ya kambi hizo ilijengwa Gila River, Arizona, kwenye ardhi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Pima, ambao hawakutaka ijengwe. Jina hilo la Gila River litarudi hapa chini.

Bendera iliyouza hatifungani

Kwa wafanyabiashara, sehemu hii huenda ndiyo tamu zaidi. Marekani ililipia sehemu kubwa ya vita kwa kukopa kwa wananchi wake. Mtu alitoa dola 18.75, akapewa hatifungani, na baada ya miaka 10 serikali ilimrudishia dola 25. Kufikia mwanzoni mwa 1945 watu walikuwa wamechoka. Ujerumani ilikuwa inaanguka, na mwenye akiba aliona hakuna haja ya kuendelea kuikopesha serikali.

Mauzo ya awamu ya saba, yaliyoanza Mei 1945, yalibebwa na picha ya Suribachi. Ilipigwa chapa kwenye mabango, ikabandikwa kwenye madirisha ya maduka, benki na stesheni za treni, na Julai ikatolewa kwenye stempu ya senti tatu. Watu watatu waliotajwa kuwa walionusurika kati ya wale sita, John Bradley, Rene Gagnon na Ira Hayes, walizungushwa mji kwa mji kama wasanii wa muziki. Lengo lilikuwa dola bilioni 14. Zilipatikana zaidi ya bilioni 26.

Sanamu ikafuata nyuma ya picha. Novemba 10, 1945, Japan ikiwa imeshasalimu amri, sanamu ya kwanza kubwa ya de Weldon, ya jiwe la kumimina kwenye kalibu, ilizinduliwa Washington barabara ya Constitution. Ilikaa hapo miaka miwili tu, kisha ikaondolewa kupisha jengo. Miaka mingi baadaye ilikarabatiwa na mtu binafsi, na Februari 2013 ikapelekwa mnadani New York, makadirio yakifika dola milioni 1.8. Mnunuzi hakupatikana. Alama ya mabilioni ya hatifungani ilirudi nyumbani kwa mwenyewe kama mzigo uliokosa soko.

Chuma ndani, jasi juu

De Weldon alitaka kitu kikubwa zaidi, na kazi hiyo ilimla miaka tisa na nusu. Alianza na fremu za chuma zilizofuata mifupa ya binadamu, kwa sababu jasi peke yake haiwezi kusimama mita 10 bila kuvunjika. Juu ya fremu akajenga miili. Aliifinyanga kwanza bila nguo, ili misuli ikaze inavyopaswa, ndipo akaivika sare, kofia za chuma na mikanda. Bunduki mbili zilizobebwa na sanamu hizo zina urefu wa karibu mita tano na mita tatu na nusu. Chupa ya maji ya askari mmoja ingeweza kujazwa lita 30.

Bradley, Gagnon na Hayes walikaa mbele yake awatengeneze nyuso. Nyuso za wale waliokufa alizitoa kwenye picha na vipimo vyao.

Jasi ni kitu cha haraka na cha bei nafuu. Ukiichoma inakuwa unga, ukiukoroga unga na maji unaganda ndani ya dakika chache, na hushika kila mstari wa kidole. Ndiyo maana wachongaji huitumia katikati ya safari, kati ya udongo unaokauka na kupasuka na shaba isiyorekebishika. Lakini ni adui wa mvua, na ikishatoa umbo lake haina kazi tena.

Plasta ya de Weldon ilipokamilika ilifunguliwa vipandevipande na kusafirishwa kwa malori hadi Brooklyn, New York, ambako mafundi wazoefu waliisubu kwa shaba nyeusi. Kusubu peke yake kulichukua karibu miaka mitatu. Vipande vya shaba vikaunganishwa hadi vikabaki kama 12, kikubwa kuliko vyote kikiwa na uzito wa takriban tani 20, na msafara wa malori matatu ukavirudisha hadi Washington. Msingi ulijengwa kwa jiwe gumu la matale kutoka Sweden. Gharama yote, pamoja na kiwanja, ilikuwa dola 850,000, na serikali haikutoa hata senti: zilichangwa na wanajeshi wenyewe, wastaafu na marafiki zao.

Rais Dwight Eisenhower alikuwapo kwenye uzinduzi Novemba 10, 1954. Kwa hiyo mwisho wa hesabu, mnara wa uzalendo wa Marekani ulikuwa na fundi wa Vienna, mawe ya Sweden, na picha ya mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi. Mtu wa forodha angekuwa na fomu nyingi za kujaza.

Nani yupo, nani hayupo

Hapo ndipo mambo yanapogeuka mazito, kwa sababu hata wale sita walioigizwa hawakuwa wenyeji wa namna moja.

Kiongozi wao, Sajini Michael Strank, hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Jarabina, ambacho leo kiko Slovakia, akapelekwa Pennsylvania akiwa mtoto mdogo, kumfuata baba aliyekuwa mchimba makaa ya mawe. Baba alipopata uraia mwaka 1935, mtoto naye aliupata kisheria. Ila hakuna aliyemwandikia cheti. Aliuawa Iwo Jima Machi 1, 1945, siku sita baada ya picha, akiwa hana karatasi hata moja inayosema yeye ni Mmarekani.

Jambo hilo lilikaa hivyo miaka 63. Askari aliyekuwa mlinzi katika ubalozi wa Marekani nchini Slovakia ndiye aliyeligundua na kuandika maombi. Julai 29, 2008, dada yake Strank alikabidhiwa cheti cha uraia cha kaka yake. Hafla ilifanyika Arlington, chini ya sanamu ambayo kaka huyo alikuwa ameshasimama kwa zaidi ya nusu karne.

Ira Hayes, yule ambaye vidole vyake vimeshauachia mlingoti, alikuwa Mpima wa Gila River. Ndiyo, palepale. Wakati yeye akipigana na Wajapani kisiwani, kwenye ardhi ya watu wake maelfu ya raia wenye asili ya Japan walikuwa wamefungiwa nyuma ya uzio. Naye aliporudi nyumbani na medali, hakuweza kupiga kura, kwani Arizona iliwafungulia watu wa makabila ya asili haki hiyo mwaka 1948 tu, tena kwa amri ya mahakama. Alihudhuria uzinduzi wa 1954. Wiki 10 baadaye, Januari 24, 1955, alikutwa amekufa nje kwenye baridi. Alikuwa na miaka 32, na pombe ilikuwa imemzidi nguvu.

Dar es Salaam ina mfano wa kinyume. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya jiji, ya shaba nyeusi, ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na wenzake wapo Nairobi na Mombasa. Iliundwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, na kuletwa ikiwa imekamilika. Askari yule hana jina. Ni "Askari" tu, na hakuna familia inayoweza kwenda kumwonyesha mtoto kidole na kusema yule ni babu. Kwa sita wa Iwo Jima majina yalikuwapo tangu mwanzo, lakini kuwapo kwa majina nako kulileta balaa lake.

Aliyeinama chini kabisa, akiukita mlingoti ardhini, alitangazwa kuwa Hank Hansen. Ulikuwa uongo, au tuseme kosa. Alikuwa Harlon Block, kijana wa Weslaco, Texas, ambaye naye aliuawa siku ileile na Strank. Mama yake alimtambua mara tu alipoona gazeti, ingawa picha inaonyesha mgongo tu. Alishikilia kuwa ule ni mgongo wa mwanawe. Hayes naye alijua, lakini ofisa alimwambia anyamaze, majina yameshatoka. Mwaka 1946 Hayes aliondoka kwao Arizona, kwa miguu na kwa kuomba lifti, safari ya kilomita zipatazo 2,000, hadi Texas kumweleza baba yake Block ukweli. Januari 1947 jeshi likakubali kusahihisha.

Makosa hayakuishia hapo. Mwaka 2016 jeshi lilitangaza kwamba Bradley hakuwa kwenye picha ya Rosenthal. Aliyekuwapo ni Harold Schultz, aliyefariki mwaka 1995. Mwaka 2019 likatangaza kwamba hata Gagnon hakuwapo, bali Harold Keller, aliyefariki mwaka 1979. Wawili hao waliishi maisha yao yote bila kupanda jukwaa lolote. Wawili walionadi hatifungani na kukaa mbele ya de Weldon ndio nyuso zao zipo hadi leo, kwenye jasi na kwenye shaba. Daftari la majina limefutwa na kuandikwa upya mara tatu. Sanamu haina kifutio.

Lawama hiyo haimwangukii fundi. Aliletewa watu, akawafinyanga. Na kazi yake ilimfungulia milango: Waziri Mkuu wa Malaya, Tunku Abdul Rahman, aliiona sanamu ya Arlington, akamwomba aitengenezee nchi yake mnara, na Tugu Negara ikazinduliwa Kuala Lumpur mwaka 1966. Mgeni wa nchi moja alikuwa sasa anaitwa na nyingine kuchonga uzalendo wake.

Jasi yapata makazi

Ile plasta kubwa haikutupwa. De Weldon aliitunza kwa karibu miaka 30, na Oktoba 1981 akaitoa zawadi kwa shule ya Harlingen. Aprili 1982 ilizinduliwa, fremu zilezile zikiwa zimeunganishwa upya.

Sababu zilizotolewa za kuipeleka kusini vile ni za kifundi na za kifamilia. Hali ya hewa ya huko haibadiliki sana, joto na unyevu vinakaa karibu palepale mwaka mzima, na jasi haipendi kuganda leo na kuyeyuka kesho kama ingefanya kaskazini kwenye theluji. Tena kuna barabara hapo ambayo tayari ilikuwa inaitwa Iwo Jima. Na Weslaco, kwao Harlon Block, iko kilomita kama 30 tu magharibi, kwenye bonde hilohilo la Rio Grande.

Block amezikwa mara tatu. Kwanza kwenye majivu ya kisiwa, pamoja na wenzake. Mwaka 1949 mwili ulirudishwa Weslaco. Mwaka 1995 ulihamishwa tena, ukaletwa Harlingen na kuzikwa kwenye viwanja vya shule, nyuma ya sanamu. Anayesimama kaburini akiinua macho humwona kijana yuleyule juu, ameinama, mgongo ndio unaoonekana.